Duka Linafungwa Saa Tisa

Jumatatu, 17 Aprili

Leo muuguzi wa shule kaja darasani kuzungumza kuhusu pombe. Kaeleza kwa nini mvinyo, pombe kali na bia yenye nguvu zinauzwa na serikali peke yake: ili asiwepo mtu wa kutajirika kwa kumlewesha mwenzake. Hakuna matangazo dirishani. Hakuna nunua mbili upate ya tatu bure. Bia haiwekwi kwenye friji. Chini ya miaka ishirini, huuziwi; aliyekwisha kulewa naye hauziwi. Jumamosi duka linafungwa saa tisa alasiri, Jumapili halifunguliwi kabisa. Duka likifungwa, kasema, wanaoumia wanapungua. Wanaume, wake zao, watoto.

Aliposema watoto nikaangalia meza yangu. Halafu nikainua macho kidogo – Jonte naye anaangalia meza yake. Kumbe si mimi peke yangu.

Lakini huyo huyo Jonte ndiye aliyesema baadaye, kwa sauti ya kusikika, "Si tumuulize Tuva? Mama yake ndiye muuzaji."

Wakacheka. Muuguzi akanigeukia kwa furaha. "Mama yako yuko pale dukani? Kazi muhimu sana hiyo."

Nikaitikia kwa kichwa. Basi. Ndivyo ninavyojibu mambo yote. Kiswidi cha shule kinanikwama kooni, na Kifini cha nyumbani kinakwama chini zaidi, huko tumboni. Lugha mbili, na zote hazitoki.

Nisilolisema: mama anauza, baba anakunywa. Familia yetu nzima inaingia kwenye sentensi moja.

Jumatano, 19 Aprili

Mvua juu ya theluji. Barabara ya barafu, ile ya juu ya mto wa mpakani ulioganda, imefungwa tangu wiki ya Pasaka, mti umelazwa njiani na kibao cha kukataza. Sasa kwenda ng'ambo, Ufini, ni lazima uzunguke hadi darajani, na baba hana leseni. Walimnyang'anya akiwa bado anaendesha katapila la kusukuma theluji. Alikuwa amelewa, akasukuma theluji yote ya barabara mlangoni kwa mchungaji. Watu wanalisimulia mpaka leo kama kichekesho. Baba mwenyewe analisimulia kama kichekesho.

Nimekaa jikoni naandika chini ya zile saa mbili za ukutani. Wageni hushangaa kuziona. Moja ni yetu, inafuata Uswidi. Ya pili ni ya bibi, mama yake baba, aliyeolewa huku kutoka ng'ambo. Kule wako saa moja mbele yetu. Bibi alivuka mto na sanduku na saa yake, na miaka yote akapika kwa saa ya kwao. Amekufa, hakuna aliyethubutu kuiondoa. Baba huitia ufunguo kila Jumapili. Ndiyo kazi pekee asiyoisahau.

Simu hazisaidii kitu hapa. Ukisimama dirishani inashika mnara wa Ufini, ukienda uani inashika wa Uswidi, na saa inarukaruka. Baba alishaacha kuitazama. Anaamini ukuta tu.

Jumamosi, 22 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda mjini na baba kwa basi la saa sita na nusu. Jumamosi liko hilo moja tu. Alisema twende pamoja ninunue soksi za kuimbia kwaya. Nilisikia harufu tulipoketi. Amekula pipi za chumvi juu yake lakini nilisikia.

Mimi nikakaa kwenye benchi karibu na mlango wa duka la serikali. Foleni ndefu. Mama kwenye kaunta, na ule uso wake wa kazini – mpole, hauna mtu ndani. Baba alipofika mbele na chupa zake, mama hakuzigusa.

Akasema polepole, "Rune, leo siwezi kukuuzia. Sheria unaijua."

Foleni nzima imekuwa masikio.

Baba hakubisha. Ningependa angebisha. Alizichukua chupa zake, akazirudisha moja moja kwenye rafu yake, akazigeuza lebo zitazame mbele, kama mfanyakazi. Kisha akarudi akamwinamia mama kidogo. "Asante, dada. Unafanya kazi yako vizuri."

Dada! Mke wake.

Mwanaume mmoja nyuma akasema, "Ikiwa mumewe kanyimwa, sisi wengine tujaribu kutembea wima." Wakacheka wote, na mama naye akacheka kidogo kwa sababu yuko kazini.

Kwenye basi baba aliangalia nje mpaka nusu ya njia. Ndipo akasema, "Mama yako hakukosea. Usije ukamkasirikia."

Sikumkasirikia yeye. Nilitaka kusema hivyo. Nikaitikia kwa kichwa.

Usiku alilewa vilevile. Alikuwa na akiba kwenye banda la kuni.

Jumapili, 23 Aprili

Akiba imekwisha. Nimekwenda bandani mwenyewe, nikapapasa nyuma ya kila rundo.

Kwa hiyo leo tumempata. Ndivyo tunavyosema mimi na mama – tumempata. Asubuhi alishika kikombe kwa mikono miwili, kahawa ikatikisika hata hivyo. Mchana kidogo afadhali. Akakaanga chapati za maji za maziwa, nyembamba, akazirusha juu na kuzidaka. Akaitia ufunguo saa ya bibi, akaifuta kioo kwa mkono wa shati.

Halafu tukaenda kwa Helmer, jirani yetu, kucheza bahati nasibu ya barafu. Kila mwaka Helmer anasimamisha pipa katikati ya mto na kulifunga kwa kamba ndefu hadi kwenye saa ya umeme bandani kwake. Barafu ikivunjika na kuondoka, pipa linaondoka nayo, kamba inachomoa plagi, saa inasimama. Aliyebahatisha siku na saa anapata kahawa na jibini la mwaka.

"Wewe Rune, andika tarehe thelathini," Helmer akasema. "Mwaka jana siku hiyo uliivunja wewe kwa makalio."

Wakacheka. Baba alicheka pia, lakini aliniangalia.

Mwaka jana tarehe thelathini Aprili, kwenye moto wa Valborg, usiku wa kukaribisha majira ya kuchipua, kwaya ya shule ilipoanza kuimba, baba alikuja akasimama mbele yetu na kuanza kutuongoza kwa mikono. Watu wakadhani ni mzaha. Kisha akakaa ghafla kwenye theluji, akabaki pale akiimba peke yake hata baada ya sisi kunyamaza. Mimi sikufungua mdomo. Nilijifanya simjui, kama alivyofanya yeye jana kwa mama. Labda tunafanana.

Akaandika tarehe kumi na tatu Mei. "Kuna baridi bado chini," akasema. "Mto haujaamka."

Njiani akaniambia, "Mwaka huu nitasimama nyuma kabisa. Hutaniona." Nikasema nataka nimwone. Nilisema kwa sauti! Kwa Kifini. Akanishika kofia na kuivuta hadi machoni, kama nilipokuwa mdogo.

Jumanne, 25 Aprili

Mama kanionyesha kalenda iliyobandikwa kwenye friji. Mwaka huu Valborg inaangukia Jumapili, na Jumatatu ni Mei Mosi. Duka linafungwa Jumamosi saa tisa, halifunguliwi tena mpaka Jumanne.

"Jumamosi watakuja kama wamefukuzwa na moto," akasema. "Watanunua za siku tatu wazimalize siku moja."

Nikauliza, "Na baba?"

"Baba yako akija wima na hanuki, nitamuuzia. Sina ruhusa ya kumnyima mtu mzima aliye timamu kwa sababu tu nalala naye kitanda kimoja." Akaendelea kumenya viazi. "Wanatufundisha pale kwamba hatuuzi ili tupate, tunauza ili waumie wachache. Naliamini hilo, Tuva. Nchi nzima naiamini. Jikoni kwangu ndiko kunanishinda."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nilitaka kumkumbatia lakini alikuwa na kisu mkononi, na mimi ni mimi.

Alhamisi, 27 Aprili

Joto. Digrii kumi na mbili! Maji yamesimama juu ya barafu, yana rangi ya chuma. Usiku tunasikia mto ukigugumia. Helmer anasema tutashangaa mwaka huu.

Baba hajanywa tangu Jumapili. Siku nne, lakini sithubutu kuhesabu. Leo mikono imetulia. Jana alinisikiliza nikijaribu wimbo bafuni, alipita mlangoni mara mbili. Lakini pia nilimwona akiwa amesimama mbele ya ratiba ya basi. Jumamosi, kidole chake kilikuwa kwenye Jumamosi.

Ijumaa, 28 Aprili

Nimepata wazo. Ni dogo kiasi kwamba naona aibu kuliandika.

Akilikosa basi, atalikosa duka. Akilikosa duka, tumempata mpaka Jumanne. Valborg nzima. Serikali imeshafunga siku mbili, mimi naongeza nusu saa tu.

Jumamosi, 29 Aprili

Mama kaondoka na gari mapema. Baba alipoingia kuoga nilipanda juu ya kiti na kuirudisha saa yetu nyuma nusu saa. Sindano ilikuwa baridi kidoleni. Nikashuka, nikakirudisha kiti mahali pake.

Ya bibi sikuigusa. Saa ya bibi haiguswi. Kusema kweli hata sikuifikiria.

*Mchana.*

Alitoka akiwa amenyoa, shati safi. Wima, hanuki. Akainua macho ukutani, akaona bado ana muda, akanywa kahawa nyingine. Mimi mbele yake nikijifanya nasoma Kiswidi. Akatoka taratibu kwenda kituoni.

Akarudi.

Hakubamiza mlango. Alisimama katikati ya jikoni na koti lake, akaziangalia zile saa. Kati yao panatakiwa kuwa na saa moja kamili. Palikuwa na saa moja na nusu. Mtoto wa bonde hili anajua hilo kabla hajajua kusoma.

"Tuva," akasema. "Mama yangu hakosei."

Nikangoja anifokee. Akacheka, lakini cheko fupi, bila sauti. Akavuta kiti, akapanda, akairekebisha yetu. Akakaa mbele yangu.

"Ulitaka nini hasa?"

Nikasema, "Nataka uje kesho." Kisha nikasema, "Ukiwa wewe."

Akaiweka mikono yake mezani. Ilikuwa imetulia. Tuliiangalia wote wawili kama vitu vya mtu mwingine. Nadhani alikuwa karibu. Nadhani kama ningeongeza neno moja, lolote, angevua koti. Nililitafuta kwa Kiswidi, nikalitafuta kwa Kifini.

Akasimama. Akaiangalia tena saa ya bibi.

"Ng'ambo wanafunga saa kumi na mbili," akasema, kama anayekumbuka jambo. "Eino atanipeleka kwa gari lake."

Eino ni binamu yake, nyumba yake iko ufukweni kule, tunaiona kutoka dirishani. Duka la serikali ya kule ni kama la huku, rafu zile zile, sheria zile zile, ila wao Jumamosi hufunga baadaye, na kaunta haina mama.

Sikuwa nimewaza ng'ambo. Mto niliuhesabu kama mlango uliofungwa.

"Barafu imefungwa, baba."

"Imefungwa kwa magari. Mimi ni gari?"

"Kuna maji juu."

"Juu. Chini kuna barafu. Nimeivuka miaka arobaini na tano, Tuva, nusu yake usiku." Alikuwa anavaa buti za mpira. "Chupa moja tu ya kupitisha siku. Kesho nitakuwa nyuma kabisa ya watu, kama tulivyosema."

Akachukua ile sparki ya bibi barazani – kiti chenye vyuma viwili virefu vya kuteleza, unasimama nyuma na kusukuma kwa mguu. Kwenye mlango akageuka. Akaangalia ukutani, nyuma ya kichwa changu.

"Nitakuwa nyumbani saa kumi na moja. Weka viazi motoni."

Niliitikia kwa kichwa. Mungu wangu, niliitikia kwa kichwa.

*Baadaye.*

Nilimfuata kwa macho mpaka ng'ambo. Alizunguka pale mkondo unapoingia, akapita mbali na pipa, akafika. Akainua mkono. Sikujua kama ananiona. Nikainua wangu.

Nimepiga simu ya mama mara tatu. Wakiwa kazini simu zao ziko kabatini. Nikapiga ya duka, nikasikia sauti ya mwenzake, "Karibu, nikusaidie nini?" na kelele za foleni nyuma – nikakata. Niseme nini? Kwamba baba mzima amekwenda dukani?

*Baadaye tena.*

Theluji-mvua. Ng'ambo haionekani. Nyumba ya Eino haionekani. Nimemenya viazi vyote, hata vya kesho.

Kuna sauti mtoni. Kama mtu anayeburuta makabati.

*Sasa.*

Helmer kapiga simu. Sauti ya furaha.

"Tuva, mpe baba yako simu. Barafu imekwenda! Saa yangu imesimama kumi kasoro dakika tano. Mwambie kahawa ameikosa kwa wiki mbili."

Nikasema, "Baba hayupo."

"Yuko wapi?"

Halafu likatoka. Lote, bila kukwama. "Alivuka kwenda kwa Eino. Anarudi kwa mto."

Nikamsikia Helmer akivuta pumzi, na kiti chake kikianguka.

"Usitoke nje," akasema. "Unanisikia, binti? Usiukaribie mto. Napeleka mashua. Piga namba ya dharura."

Nikapiga. Mwanamke mmoja, Kiswidi cha kusini, ametulia. Akauliza jina, mahali, nguo alizovaa. Akauliza kama amekunywa. Nikasema, alipoondoka hakuwa amekunywa. Nikasema alikuwa wima. Nililirudia hilo, nadhani mara mbili, kana kwamba yeye ndiye yuko kaunta.

"Alitarajiwa nyumbani saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi bado. Sasa hivi ni saa kumi na dakika chache. Huenda hata hajaondoka ng'ambo."

"Huko ng'ambo ni saa kumi na moja na dakika chache," nikasema.

"Alisema kwa saa ya wapi?" akauliza.

Nikasema, hakusema.

Kaniambia nikae dirishani, nisitoke, niendelee kutazama. Helikopta inatoka mbali. Upande wa Ufini nao wamearifiwa, wanakwenda kwa Eino. Eino hapokei simu. Mama yuko njiani, hatimaye kapiga mwenyewe, duka limefungwa na hesabu zimekwisha. Nimemwambia. Alisema "Tuva" tu. Kisha nikasikia gari likiwaka.

Naandika ili mikono iwe na kazi. Nainua macho kila mstari. Pipa halipo. Vipande vikubwa vinapita, vyeusi pembeni, kimoja kimebeba kile kibao cha kukataza.

Kama alisema kwa saa yetu, basi barafu ilipoondoka alikuwa bado kwa Eino, ana saa nzima mkononi. Amekaa kwenye gari, anausikia mto, anatukana, ananywa. Na anywe! Anywe yote.

Kama alisema kwa saa ya bibi, alikuwa amebakiza dakika tano kufika nyumbani.

Najaribu kukumbuka macho yake pale mlangoni. Yalikuwa ukutani. Najua yalikuwa ukutani. Lakini zote mbili zipo ukutani, zimeachana kiganja kimoja, na mimi nilikuwa naangalia buti.

Viazi vinachemka. Sijavitoa. Saa zote mbili zinakwenda sawasawa sasa, kati yao saa moja kamili, alizipanga mwenyewe. Kwa ya bibi amechelewa. Kwa yetu bado ana muda, nami nimekaa upande wa yetu.